Padi za Marehemu Kidole

Mshonaji na wifi yake hawakuwa wamesemezana tangu siku ya maziko, na hata kabla ya hapo, waliposemezana ilikuwa ni kupeana vidonge. Msimamizi wa ukumbi wa maonyesho hakulijua hilo. Aliwaita wote wawili asubuhi moja, akidhani anaita familia, akawawekea viti viwili vilivyosogeleana. Kila mmoja alipofika alivuta kiti chake kando.

Kilichowakutanisha ni kabati la marehemu. Mume wa mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kidole, aliishi kwa gemu. Alikuwa na chumba chenye runinga ukutani na mabenchi ya mbao, na watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakigombea zamu humo na watoto wa shule. Lakini sifa yake hasa ilikuwa padi, vile vidude vya mkononi vya kuchezea gemu. Padi iliyokufa mikononi mwa watu yeye aliifufua, na ile iliyopitwa na wakati, wenzake wakiitupa, yeye aliisugua kwa spiriti na kuihifadhi. Alipofariki, kabati lilikuwa limejaa hadi milango haifungi. Ukumbi ukaomba kuzionyesha padi hizo, watu waone kitu cha kuchezea gemu kilianzia wapi na kimefika wapi.

Mshonaji alikuja na maboksi yake, amezifunga padi moja moja kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani. Wifi yake, ambaye ni fundi wa friji, alikuja na ovaroli lake la kazi na mikono mitupu.

"Nani kakwambia uzitoe kwenye kabati?" aliuliza fundi hata kabla ya kukaa.

"Kabati liko chumbani kwangu, wifi. Ulitaka niombe ruhusa kwa nani?"

"Kwa mwenye damu yake."

"Damu haikusugua padi hata moja. Mimi nilisugua."

Msimamizi, kijana mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, alikohoa. "Mama zangu, meza hii hapa. Tuzipange tu, za zamani huku, za sasa kule. Mkinieleza kidogo kidogo, nitashukuru."

Fundi alichakura boksi la kwanza, akatoa padi ya zamani yenye kijiti kimoja kilichosimama wima na kitufe chekundu pembeni. Akaiweka mwanzo kabisa wa meza. "Hii ndiyo ya kwanza. Baba alininunulia mimi. Huyo Kidole wao alikuwa bado anajikojolea."

Mshonaji alifungua kitambaa kingine, akatoa kiboksi chenye kitasa cha mviringo kama cha redio, akakiweka mbele ya kile kijiti. "Hii imeitangulia hiyo. Unazungusha kitasa, kigongo kwenye runinga kinapanda na kushuka, unaurudisha mpira kwa mwenzako. Basi, hakuna kingine."

"Na wewe hayo umeyajulia wapi? Umewahi kushika padi kwa kazi gani zaidi ya kuifuta vumbi?"

"Meza ni ndefu, wifi. Endelea kupanga."

Wakaendelea kupanga, kila mmoja akimweleza msimamizi kana kwamba mwenzake hayupo. Fundi alionyesha padi bapa kama kipande cha sabuni, yenye msalaba mdogo upande wa kushoto, akasema hapo ndipo kazi ilipotoka kwenye kiganja na kuhamia kwenye dole gumba. Mshonaji alionyesha zile zilizoota vitufe mabegani, kwa sababu vidole vya shahada vilikuwa vinakaa bure. Ikaja moja yenye mishikio mitatu. "Hawa walidhani binadamu ana mikono mitatu," alisema fundi, na msimamizi akacheka. Mshonaji hakucheka, ingawa maneno hayo alishayasikia mara nyingi kwa mumewe na mara zote aliyachekea.

Zikafuata zenye vijiti viwili vidogo na mota ya kutetemeka ndani, unagongwa na gari kwenye runinga unasikia viganjani. Kisha zisizo na waya. Kisha ile ya kupunga hewani kama fimbo, ambayo mteja mmoja wa Kidole ilimchomoka mkononi ikaenda kukaa ndani ya kioo cha runinga. Mwisho ikatoka kamera iliyokuja na ahadi kwamba sasa padi hazihitajiki tena, mtu atacheza kwa kujitikisa tu. Kidole aliichukia. Alikuwa akisema ni sawa na kunywa chai kwa kuitazama.

Likabaki boksi moja. Mshonaji alilifungua taratibu kuliko mengine. Ndani mlikuwa na ubao wa ukubwa wa sinia, uliolainishwa kwa msasa. Juu yake kulikuwa na vitufe vikubwa kama visahani vya chai, vilivyong'olewa kwenye mashine za zamani za kuchezea kwa kusimama, na kijiti kimoja kirefu kilichovishwa kikombe cha mpira kwa juu. Pembeni ulining'inia mkanda wa kuufungia ubao kitini.

"Hii takataka ya nani?" aliuliza fundi.

"Ya kaka yako."

"Kaka yangu alicheza kwa vidole. Hukujua kwa nini aliitwa Kidole?"

"Vidole vilimwisha, wifi. Hii ndiyo aliyochezea."

Fundi hakuwa hajui. Alijua, ila alijulia makaburini, tena kutoka kwa watu baki: kwamba maradhi ya mishipa yalianza kukamata vidole vya kaka yake, yakapanda viganjani, yakafika viwikoni, na kwamba miaka yake ya mwisho hakuweza hata kujifunga kifungo cha shati. Miaka hiyohiyo alikuwa akienda kubisha mlango wa kaka yake, na mke wa kaka yake akimjibu kwa kichwa kilichotokeza kidogo: amelala, ametoka, ana wageni, njoo siku nyingine. Mwisho akaacha kwenda. Mtu hufukuzwa kwa fimbo na hufukuzwa kwa "njoo siku nyingine".

"Hii haikai mezani," alisema.

"Itakaa. Ndiyo ya mwisho aliyoitengeneza. Yeye alichora, mimi nikakata mbao."

"Ulimficha akiwa hai, leo amekufa unamwanika watu wamwonee huruma?"

"Hebu uache ubao."

"Uache wewe."

Msimamizi alisema, "Mama zangu," lakini alikuwa amechelewa. Fundi alishavuta upande wake na mshonaji upande wake, na mikono ya wote wawili ilikuwa mikono ya kazi. Nyaya zilikatika kwa mlio mdogo. Kitufe kimoja kikubwa kikachomoka, kikabingirika sakafuni, kikazunguka na kulala chini ya meza.

Msimamizi aliufungua mlango, akaushika hivyohivyo. "Naomba mtoke," alisema. "Nyote wawili. Mkielewana mtarudi, msipoelewana nitaonyesha vinyago."

Fundi aliubana ubao kwapani, akatoka nao bila kuaga. Mshonaji alipiga magoti akaokota kitufe, akakitia kwenye mkoba, akamfuata.

Karakana ya fundi haikuwa mbali. Friji zilisimama nje na ndani, milango wazi, matumbo yametolewa. Fundi aliulaza ubao juu ya meza, akachomeka chuma cha kulehemu. Mshonaji aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mlangoni, mkoba mapajani.

"Umekuja kunilinda nisiibe?"

"Nimekuja kuona unavyoshona ulichokichana."

"Lete kitufe."

Alikileta. Fundi aliugeuza ubao, akatazama nyaya zilivyopangwa, zimefungwa kwa nyuzi za cherehani, kila rangi na njia yake. Aliujua mkono huo si wa kaka yake. Aliinamia kazi, moshi wa risasi ya kulehemu ukampanda usoni.

"Alikuwa anabonyezaje?"

"Kiwiko cha kushoto, hivi viwili. Cha kulia, hivyo. Kijiti ni kidevu."

"Kidevu."

"Kile kikombe cha mpira kilikuwa cha kidevu. Mwanzo kilimchubua, nikakibadilisha."

Fundi aliunganisha waya mmoja, akaupuliza. Aliongea bila kuinua kichwa. "Alinitaja?"

Mshonaji angeweza kumjibu vyovyote. Alikuwa na maneno ya kumchoma yaliyokaa tayari kwa miaka, na alikuwa na ya kumpoza pia. "Alikutaja kila siku hadi nikachoka," alisema. "Hakutaka umwone. Alisema ukimkuta na mikono ile, mkikaa kucheza, utamwachia ashinde. Alisema maradhi atayavumilia, lakini kuachiwa na wewe hapana."

"Nisingemwachia."

"Nilimwambia hivyo."

"Mimi sijawahi kumwachia, hata alipokuwa mdogo akilia. Baba alinichapa kwa ajili hiyo."

"Nilimwambia, wifi. Hakusikia."

"Na bado ukanifungia mlango."

"Nikaufunga. Alikuwa mume wangu, ndiye aliyeniomba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeufungua," alisema fundi, "halafu nyinyi wawili mgombane wenyewe."

Mshonaji aliutazama mlango wa friji iliyokuwa karibu naye, akaukuta una kutu chini.

Kazi ilipokwisha, ilibidi ubao ujaribiwe. Nyuma ya karakana fundi alikuwa na chumba, na ndani yake runinga na mashine ya gemu iliyozeeka. Alichomeka ubao, akaufunga kwa mkanda kwenye kiti kama ulivyotakiwa kufungwa, akaketi. Akachukua padi ya kawaida, akamtupia mshonaji.

"Shika uniendeshee wachezaji wa upande wa pili, nione kama vitufe vinajibu. Bonyeza tu chochote."

Waliweka gemu ya mpira wa miguu. Fundi aliviweka viganja vyake nyuma ya mgongo, akainamisha kidevu kwenye kikombe. Wachezaji wake walikimbia kuelekea walikotaka wenyewe. Alipotafuta kitufe cha pasi kwa kiwiko, mpira ulishachukuliwa. Kisha likaingia goli. Alidhani ni bahati. Likaingia la pili, na baada yake akaacha kuhesabu.

Mshonaji hakuwa anabonyeza chochote tu. Madole gumba yake yalikwenda bila kelele, macho kwenye runinga, mdomo umebana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Aliupeleka mpira hadi pembeni kabisa, akasimama nao pale, akasubiri kana kwamba amesahau anachofanya. Beki wa fundi akatoka kumfuata, kipa naye akasogea. Mpira ukarudishwa nyuma kidogo, kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona, naye akausukuma wavuni polepole, kwa dharau.

Fundi aliinua kidevu. Aliujua mtego ule. Alikulia nao, ulimliza na kumfurahisha, na kaka yake aliyeubuni alikuwa ameshamzika.

"Nani kakufundisha?"

"Nani mwingine? Wewe hukuwepo, wateja aliwafungia mlango. Nani angecheza naye?" Mshonaji alisema hivyo huku ameikodolea runinga. "Miaka yote ile, kila jioni, mimi na yeye. Mwanzo alinifunga kwa kidevu tu, nikachukia, nikajifunza."

"Ulimwachia?"

"Hata mara moja. Siku moja alinitukana nikatoka nje."

Fundi alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa bado nyuma ya mgongo, akaitoa. Aliondoka kwenye kiti, akaenda bombani kunawa uso, na alinawa kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Aliporudi sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi.

"Sijakusamehe."

"Sikuja kusamehewa. Nimekuja kuchukua ubao wangu."

"Utachukua. Lakini haukai ndani ya sanduku la kioo la maonyesho. Ukikaa kwenye kioo watasimama watikise vichwa, maskini, maskini. Ukichomekwa kwenye runinga, wakaucheza wakafungwa magoli, hakuna atakayesema maskini."

Mshonaji alifikiri. Hakutaka kumpa wifi yake neno la kukubali, kwa hiyo alisema, "Waya ni mfupi. Utahitaji kuongezwa."

Fundi akachomeka tena chuma cha kulehemu.

Maonyesho yalipofunguliwa, watu walipita haraka mbele ya kitasa na kijiti chenye kitufe chekundu, wakatabasamu kidogo kwenye ile ya mishikio mitatu, na wakasongamana mwisho wa meza. Pale kulikuwa na kiti, ubao na runinga. Kanuni ilikuwa moja: viganja nyuma. Walikuja vijana waliojigamba kwamba hawajawahi kufungwa mtaani kwao, wakainuka na alama ya duara kwenye kidevu. Fundi alisimama upande mmoja wa kiti na mshonaji upande wa pili. Hawakusalimiana walipofika.

Mwanamume mmoja mnene, aliyekuja na wakwe zake, alihangaika na ubao hadi jasho likamtoka. Fundi alimwinamia. "Kijiti kisukume mbele, baba. Usikivute."

"Usimpoteze," alisema mshonaji kutoka upande wa pili. "Kinakwenda pembeni kwanza. Kidole hakukisukuma mbele hata siku moja."

"Mimi ndiye niliyelehemu."

"Na mimi ndiye niliyefungwa magoli nacho, wifi. Sogea nimwonyeshe."

"Sisogei."

Yule mwanamume alibaki ameinamisha kidevu kwenye kikombe, akigeuza macho huku na huku, asijue amsikilize nani. Kwenye runinga mpira wake ulitoka nje. Msimamizi aliwasikia kutoka ofisini, akasimama, akafikiri kidogo, kisha akaurudishia mlango wake taratibu na kuketi tena.