Pua ya Gaudenzio

Jumapili hiyo Gaudenzio hakutulia. Mara asogeze kiti, mara achungulie jikoni, mara aiguse chupa iliyosimamishwa mezani tangu jana ili mashapo yatulie chini. Ilikuwa ya Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao, wa mwaka aliozaliwa binti yake Ottavia. Mzee mwingine yeyote pale kijijini Serralunga angeifungua kwa mbwembwe. Yeye alikuwa anaiogopa.

Tangu mafua ya Januari, pua yake ilikuwa imekufa. Hakumwambia mtu. Kesho alitakiwa kuonja mapipa ya mvinyo ghalani na kuamua yapi yaingie chupani, kazi aliyoifanya peke yake miaka yote, na ikijulikana kwamba hasikii harufu, basi kazi imekwisha. Mezani napo hapakuwa na pa kujificha. Mkubwa wa nyumba ndiye huonja kwanza, akasema mvinyo una nini na unataka chakula gani, ndipo wengine wanywe.

"Shemeji, unaifungua au unaibembeleza?" Tibaldo alimtania. "Tutazeeka hapa!"

"Wewe ulishazeeka. Ngoja."

Akang'oa kizibo, akawamiminia wote taratibu. Rangi ilikuwa sawa, wekundu uliofifia hadi kufanana na tofali pembeni. Akanywa. Ukakasi aliuhisi kwenye ufizi, umelainika kama umri ule unavyotaka. Mengine hakuyapata kabisa. Ikabidi atoe ya kichwani.

"Waridi lililokauka," alisema. "Lami kidogo. Na uyoga. Huu ukiuwekea kuku, unamwonea tu kuku wa watu. Unataka nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwenye mvinyo, halafu jibini kongwe. Ilete nyama, mwanangu."

Tibaldo, ambaye mdomo wake haujui likizo, alinusa bilauri yake kisha akaanza kukunja kitambaa. Jasho lilimtoka Gaudenzio. Amekosea wapi? Kwenye lami? Kwenye waridi?

Ottavia akainua bilauri, akanywa yote kwa mkupuo, jinsi mtoto anavyomeza dawa.

"Waridi, baba," akasema. "Kabisa."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Tangu utotoni hakuwahi kudanganya bila masikio kumchongea. Gaudenzio aliona aibu, kisha uchungu mkubwa zaidi, kwa sababu hakumlea binti yake anywe mvinyo mbovu kwa ajili ya mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

"Mvinyo unanuka nini?" aliuliza.

"Tule kwanza, baba."

"Ottavia!"

"Kizibo kimeuharibu. Unanuka boksi lililolowa. Tangu lini, baba?"

"Tangu yale mafua."

Gaudenzio akafungua kamba ya funguo za ghala kiunoni, akaziweka kando ya sahani ya binti yake.

"Kesho utaonja wewe," alisema. "Mimi utakuwa unanisimulia."