Bonde Lililohamia Mbotela

Sauti ilipenya ukutani asubuhi, Nasike akaruka kitandani kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, Industrial Area, akarudi kulala chumbani kwake mtaa wa Mbotela, Nairobi. Juzi alisinzia mbele ya mashine, na msimamizi akamwambia waziwazi: akisinzia tena, asirudi.

Alijifunga leso akabisha mlango wa pili. Humo alikaa Ndunge, mama mzee aliyeletwa na mwanawe kutoka Ukambani mwezi huo. Alimkuta peke yake, simu mkononi, akinguruma kwa Kikamba.

"Mama, unagombana na nani kila siku? Mimi silali!"

"Kugombana?" Ndunge alishangaa. "Namjulia hali dada yangu, Kavindu."

"Kwa ukali huo?"

"Ni bonde, mwanangu."

Kwao, alieleza, nyumba zimeparamia vilima viwili, na chini katikati kumelala mto wa mchanga. Ukitaka habari za ng'ambo, ama ushuke na kupanda hadi magoti yakulaani, ama upaze sauti. Mtoto hujua kuita kabla ya kujua kuhesabu. Anayenong'ona huulizwa ameiba mbuzi wa nani.

"Lakini sasa una simu!"

"Simu ninayo. Bonde nalo bado liko."

Nasike alicheka bila kutaka. Hata hivyo akamsihi ajaribu kusema chini. Ndunge, kwa haya, akainong'oneza simu. Upande wa pili kukazuka kilio.

"Anasema nini?"

"Kwamba ninakufa, namficha. Kesho anakuja kunichukua. Mwambie wewe, Kiswahili anakijua."

Nasike akaipokea. "Mama, mimi ni jirani. Dada yako ni mzima."

"Sikusikii!"

"Ni mzima."

"Mbona unanificha?"

Nasike akavuta pumzi toka kisiginoni. "NI MZIMA, MAMA! AMEKUNYWA UJI!"

Madirisha ya jirani yakafunguka. Hakuwahi kujua kwamba ana sauti kubwa namna ile.

Kavindu akatulia. "Wewe ni wa kilima kipi?"

"Kwetu hakuna kilima. Ni tambarare, miwa mitupu."

"Haya. Na huko mwaitana vipi?"

Nasike akamrudishia Ndunge simu, naye akaahidi kuwa atapiga jioni, jirani yake akishaenda kazini.

Kitandani, swali lilimng'ang'ania. Mama yake alikuwa akimwitaje? Hakukumbuka mwito wowote. Alikumbuka miwa iliyompita kimo, nayo ikitikisika mstari mmoja, ikimkaribia taratibu, bila neno, naye akijua ni mama anayekuja. Usingizi ulipomchukua, miwa ilikuwa bado inatikisika.