Baba Krismasi Anakuja kwa Boti

Kaka yangu hajui kuogelea. Hilo nilikuwa nalijua mimi na marehemu mama, basi. Mji mzima unamwita Kocha kwa sababu anafundisha watoto mpira na riadha pale shuleni, na mji mzima uliamini kwamba mwanaume mwenye kifua kile, aliyezaliwa na kukulia ufukweni, majini ni samaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanusha. Akialikwa kuogelea, ana mafua. Kama hana mafua, basi ametoka kula sasa hivi.

Kwa hiyo mwenye duka la dawa, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa Baba Krismasi wetu, alipohamia kwa mwanawe, kamati haikuumiza kichwa. Ikamchagua Kocha. Na kwetu Baba Krismasi haji kwa miguu kama wageni wengine. Anakuja kwa boti ya hoteli, anashuka mbele ya watu, anatembea kwenye maji ya kiunoni mpaka mchangani, huku kwaya ikiimba na watoto wakipiga kelele za kupasua masikio.

"Kataa," nilimwambia siku aliyokuja kupimwa. Mimi ni fundi cherehani, suti nilishona mimi.

"Nikatae niseme nini?"

"Sema una mafua."

"Mwezi mzima?" Akacheka, akavuta tumbo ndani utadhani nampima suti ya harusi. "Mdogo wangu, maji yenyewe kiunoni. Nitatembea. Kutembea nani asiyejua?"

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, wakafanya mazoezi, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Nilisimama pale nikijifanya naangalia pindo la suruali. Kweli, yalimfika kiunoni. Alirudi kichwa kimemvimba, akanikonyeza, nami nikajidanganya kwamba nimetulia.

Siku yenyewe ilitakiwa pia iwe asubuhi. Lakini spika ziligoma. Fundi umeme alilala chali chini ya jukwaa, tochi mdomoni, akitukana nyaya moja baada ya nyingine, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye kofia pana na sauti isiyohitaji spika, akatangaza kwamba bila muziki hakuna boti. Tusubiri. Watu wakasubiri bila kinyongo. Walikula keki, wakapiga picha chini ya taa za rangi, wanakwaya wakapepeana kwa kofia nyekundu nilizozishona mimi pia. Mchana ukaingia.

Mimi nilikuwa natazama maji. Kulikuwa na jiwe moja bapa ambalo asubuhi lilikuwa kavu kabisa. Baadaye likalowa. Baadaye halikuonekana tena. Kwa mtu anayejua kuogelea, maji yakijaa yamejaa tu, wala hana haja ya kugeuza shingo. Katika umati ule wote hakuna aliyegeuza ila mimi.

"Wifi, nipe namba ya huyo mwendesha boti," nilimwambia mke wa Kocha, aliyekaa kwenye mkeka na binti yao mapajani.

"Sina. Na kaka yako simu kaniachia mimi, eti isilowe. Kwani kuna nini? Mbona unatokwa jasho hivyo?"

"Joto."

Nilimfuata mwenyekiti nyuma ya jukwaa. "Mama, boti ije gatini. Baba Krismasi ashukie kwenye ngazi."

"Kwa nini?"

"Kitambaa kinachuja rangi. Suti itaharibika."

"Fundi, na wewe! Ichuje tu, Krismasi hii. Mabinti wa kwaya wenyewe hawajali nywele zao, wewe unalilia kitambaa?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu, na mama yule, pamoja na kelele zake zote, angekatisha kila kitu. Lakini nilimwona Kocha mbele ya wanafunzi wake Januari, wavulana wakijifanya wana mafua kila akipita, na ulimi ukakataa. Nikaanza kuwaza ile suti. Tumbo nililolijaza sponji, kilo za sponji, ambayo ikiingia maji haitoi. Mabuti ya mpira ya kufika magotini. Kila kitu cha kumzamisha mtu nilikuwa nimekishona na kukichagua kwa mikono yangu, tena kwa madaha.

Ndipo spika zikanguruma. Umati ukashangilia, kwaya ikadaka wimbo, na boti ikatokea nyuma ya gati.

Alikuwa amesimama mbele kabisa, mwekundu, ndevu zinapepea, gunia begani, anapunga mkono. Boti ikaja mpaka kwenye boya walilotumia Jumamosi. Lilikuwa boya lile lile, na mwendesha boti akasimamisha hapo hapo kama alivyoelekezwa. Nilimwona Kocha akitazama chini. Maji yalikuwa yamevurugika, huwezi kujua kina. Alitazama watoto. Kisha akaruka.

Hakusimama. Alizama mpaka kofia, akaibuka, akazama tena. Boti ilikuwa tayari inarudi nyuma kwa kelele zake, dereva akitazama injini. Gunia lilifunguka. Mikono miwili miekundu ikawa inapiga maji, na watoto wakafurahi kupita kiasi.

"Hajui kuogelea!" nilipiga kelele. "Kocha hajui kuogelea!"

Wakacheka. Wallahi walicheka. Mwenyekiti akarudia kwenye maikrofoni, "Jamani, eti Kocha hajui kuogelea!" na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa ufukwe.

Sikumbuki nilivua viatu wapi. Nilijifunza kuogelea utotoni kwa siri, kwa ukaidi, siku ambazo mama alidhani niko dukani, na siku hiyo nilienda na gauni langu la sikukuu likinikaba mapaja. Nilipomfikia alinikamata shingo kwa nguvu zote. Hakuwa kaka yangu, alikuwa uzito. Tulikwenda chini wote wawili na nilimeza maji mengi, na niliogopa, niliogopa kufa pale mbele ya keki na taa za rangi. Kisha boya la kuokolea likatugonga. Mwendesha boti alikuwa amegeuka, ameona, amelirusha. Nikamshikisha Kocha, nikapiga miguu mpaka nikahisi mchanga.

Muziki ulikuwa umezimwa. Nilimburuta mpaka pakavu, nikamlaza ubavu, akatapika maji. Alikuwa anapumua. Nilipohakikisha anapumua, hasira zikanipanda. Niliinua kichwa nikawaona wanaume wazima, safu nzima, wamesimama na suruali zimelowa mpaka magotini. Walikuwa wameingia kweli, ila hakuna aliyevuka magoti.

"Mmeona mtu anakufa!" niliwafokea. "Mnatazama! Mbona hamkuja?"

Fundi umeme alikuwa bado na tochi mkononi, mchana kweupe. Alitazama miguu yake.

"Mimi sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Kuogelea."

Mlinzi wa hoteli aliyekuwa kando yake akakohoa, akanigeukia. "Hata mimi, Fundi." Na mwanakwaya mmoja, na baba wa watoto wanne, na mwingine, kila mmoja akisema polepole, akimtazama jirani yake kwa mshangao. Mwenyekiti alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi nilijua ni mimi peke yangu," akasema.

Kocha alijiinua kwa kiwiko. Ndevu zilikuwa zimemshuka shingoni na macho yamemwiva. Nilidhani angetaka nimtetee, au nimfiche, sijui. Lakini hakututazama. Alikuwa anatazama nyuma yetu.

"Watoto," akasema.

Zawadi zilizomwagika zilikuwa zinaelea, mipira, magari ya plastiki, wanasesere, zikisukumwa taratibu na upepo kuelekea kwenye kina, na watoto walikuwa wanazifuata. Wadogo walikuwa mbele. Binti yake alishafika kifuani, amenyoosha mkono.

Nikakimbia. Nilimdaka kwa gauni, nikamrusha nyuma kwa mama yake. Kisha nikageuka kuwaita wengine, na nikakuta fundi umeme ameshika mkono wa mlinzi, mlinzi wa mwenyekiti, mwenyekiti wa mwanakwaya, wanakuja kwa upana wa ufukwe, wanaingia majini hatua kwa hatua, nyuso zimewakauka kwa hofu, wakiwasukuma watoto nyuma yao mmoja mmoja. Zawadi hakuna aliyezigusa. Walikwenda mpaka wakanikuta.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu. Ukashikwa. Mkono ulikuwa baridi kuliko wangu, na kiganja chake nilikuwa nakijua tangu utotoni.

"Mpaka magotini tu," Kocha alisema kwa sauti iliyokauka.

"Mpaka magotini," nikamwambia, na tukasimama hapo hapo mpaka mtoto wa mwisho alipotoka.