Kikaango cha Mama na Vibanio vya Orrin

Kikaango cha chuma alichoacha mama yao hakikuwa mali ya Twila wala ya dada yake Nadine. Kilikuwa mali ya mwenye shabaha. Kila kiangazi, huko Montana, ndugu hao wawili walisimama mbele ya sahani za chuma kwenye uwanja wa klabu ya kulenga shabaha, na aliyeziangusha kwa risasi upesi zaidi aliondoka nacho hadi kiangazi kingine. Kwa Nadine kilikuwa kimekaa mno. Twila alichoka kuokea mkate wa mahindi kwenye bati, ukitoka mkavu kama kifuu.

Risasi za wote wawili zilitengenezwa na Orrin, mume wa Twila, gerejini kwake, kwa kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kutumika. Nadine alipiga rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, Twila bastola ya magazini. Mwaka jana bastola ya Twila ilimwaibisha mbele za watu: alivuta kifyatulio, ikalia ta, basi. Kosa lilikuwa la kibanio, kile chuma kinachobana mdomo wa ganda ili ushike risasi. Orrin alitumia cha marehemu baba yake, kinachokunja mdomo kwa ndani. Ganda la rivolva lina ukingo chini unaolizuia lisizame, kwa hiyo halijali kukunjwa mdomo. La Twila huzuiwa na mdomo huo huo. Ukiukunja, linazama mtutuni na pini ya kufyatulia hailifikii vizuri.

Twila alimweleza majira yote ya baridi. Orrin, mtu wa kushika lake, alijibu kwamba baba yake alibana hivyo maisha yake yote na hakuna aliyelalamika. Mwishowe Twila aliufungua mtutu wa bastola yake, akausimamisha mezani kando ya bakuli la supu, akadondosha ndani risasi ya mumewe. Ikazama kimya. Akaitoa, akadondosha ya kiwandani. Ikagota, ting.

"Umesikia? Yako inapitiliza, mzee."

Orrin aliendelea kunywa supu. Lakini wiki iliyofuata alinunua kibanio kipya, kinachobana mdomo bila kuukunja, na maelekezo yake hakuyasoma. Na aliyeokoka ukubwani, mnamjua, huimba kuliko kwaya nzima.

Siku ya mashindano Twila alizilaza sahani zote, bastola ikitii kama imeambiwa. Nadine akafuata. Ya kwanza ikaanguka, ya pili, ya tatu, kisha silinda ikagoma kuzunguka. Mwamuzi akaichukua rivolva na kutangaza kwamba Twila ameshinda.

Moyo wa Twila ulimruka kwa furaha. Kisha akachungulia ile rivolva mkononi mwa mwamuzi. Kichwa cha risasi kilikuwa kimechomoza mbele ya silinda na kuikwamisha. Rivolva ya risasi kali hupiga teke inapofyatuka, na ganda lisilokunjwa mdomo huiachia risasi ikachomoka. Akamvuta mumewe pembeni.

"Za Nadine umebana kwa kipi?"

"Kipya," akasema Orrin kwa fahari. "Zote. Si ulisema cha baba hakifai?"

"Hakifai kwangu, Orrin. Kwangu."

Hakuna mwingine aliyesikia. Twila alitaka kunyamaza, tena alitaka sana. Lakini mkate wa kikaango alichopata hivyo ungemkwama kooni. Akaenda kumweleza mwamuzi, akaomba dada yake arudie kwa risasi za kuazima. Nadine akarudia, akamshinda kwa muda wa kupepesa jicho tu.

"Mdogo wangu, ungenyamaza kingekuwa chako," Nadine akasema, kikaango kwapani.

"Najua. Usinikumbushe."

"Jumapili njooni mle. Shemeji aje na siagi, asiguse kitu kingine."

Njiani kurudi nyumbani, Twila alimtangazia mumewe kwamba kuanzia kesho gereji ni yake yeye, na jiko ni la Orrin. Mzee akauliza kwa unyonge mkate wa mahindi unaokwa kwa moto gani.

"Maelekezo yako kwenye pakiti ya unga," akasema Twila. "Na safari hii uyasome."