Manyoya ya Kapteni

Mlio wa kwanza wa bunduki ulisikika Shikanga akinoa mkasi kwenye jiwe la mlangoni. Ulitoka ng'ambo ya mto, ukagonga vilima vya Iguhu, ukarudi umechoka. Mbwa akainua masikio. Navalayo, aliyekuwa akitandika gunia uani, alisimama na gunia mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi.

"Huko ni kwa kina Teresa," alisema.

"Wamalize, waje. Watatukuta kazini."

Amri ilisomwa kanisani Jumapili, baada ya matangazo ya harusi: kichaa cha mbwa kimeingia, kila mbwa anayetiliwa shaka apigwe risasi. Mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba zilikuwa zimezoa daraja, na chanjo ya mbwa ilikuwa imeahidiwa tangu enzi za mbwa waliokwisha kuoza. Lakini risasi zilipata njia. Katika nchi hii risasi hazijawahi kukosa barabara.

Na Kapteni alitiliwa shaka. Alikuwa mbwa wa manyoya manene, rangi ya chai ya maziwa, aliyeachwa na Mzungu mmoja wa Amalemba aliyerudi kwao. Phineas, mdogo wake Shikanga na mume wa Navalayo, ndiye aliyemleta nyumbani, na kila kiangazi alimlaza juu ya gunia akamkata manyoya huku akipiga mluzi. Tangu Phineas afukiwe na shimo la dhahabu mwezi wa Novemba, hakuna aliyethubutu kumgusa. Manyoya yalishikamana na tope na miiba yakawa mkeka uliolowa. Ukinyoosha mkono karibu na bega lake, alikuonyesha meno. Juzi alikuwa amemrarua mwuza maziwa mkono wa shati. Wanakijiji walikuwa na jibu lao: "Mlinyoa watu, mbwa mkamwacha. Marehemu bado anamshikilia."

Wala si watu wote walionyolewa. Siku ya kunyoa, wafiwa wakiwa wamekusanyika baada ya mazishi, desturi inamtaka aliyekuwa na marehemu mwishoni asimame, aeleze alivyokufa. Ndipo wembe upite vichwani na kifo kifungwe. Siku ya Phineas, mzee wa mtaa aliuliza: nani alikuwa naye? Akauliza tena. Watu wakatazama miguu yao. Wanzala, mwenye shimo, alikaa mstari wa mbele baada ya kuleta sukari na majani ya chai, akasema tu kwamba yeye alifika kesho yake asubuhi, udongo umekwisha kutulia.

Shikanga akavaa kofia yake. "Basi kichwa changu hakijafiwa," alisema, akaondoka.

Tangu hapo nywele zake zilimea msitu, na chini ya msitu huo hakuna kilichosahauliwa: si sukari ile, si mbao alizoomba Phineas za kuzuia kuta za shimo, si jibu alilopewa, kwamba udongo wa Mungu haujengewi ukuta. Jioni, sokoni, Shikanga aliyarudia yote kwa sauti kubwa. Watu walimsikiliza, wakatikisa vichwa, wakaenda kupika obusuma, ugali wa jioni. Hasira ya kila siku huzoeleka kama mvumo wa mashine ya kusagia.

"Mshike kichwa," alisema sasa.

Navalayo alimfunga Kapteni mdomo kwa leso, akamkumbatia shingo. "Tulia, baba. Tulia. Wakikuona msafi watakuacha."

Mkasi ulikuwa wa fundi cherehani, mzito, na bado ulilalamika. Shikanga alianzia mgongoni. Manyoya yalitoka mapande mapande, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, nyembamba, ya kutia huruma. Bunduki ililia tena, upande huu wa mto. Mkasi ulipokaribia bega, mbwa alijirusha kwa nguvu, Navalayo akaanguka kwa magoti.

"Shemeji, simwezi. Anataka mtu wa miguu ya nyuma."

"Mulembe," sauti ilisalimia kutoka penye ua.

Alikuwa Wanzala, katika koti lake la kanisani. Ndiye aliyekuwa akimwonyesha askari nyumba zenye mbwa.

"Mulembe gani," Shikanga akauliza bila kugeuka, "nawe umeleta bunduki nyuma?"

"Nimetangulia ili mama aingie ndani. Asione mambo kama haya."

"Ameona makubwa kuliko haya. Shika miguu."

"Mimi?"

"Kwani dhahabu imekulegeza mikono? Shika, ama utoke uani kwa ndugu yangu."

Wanzala alisita. Pengine aliona haya mbele ya mjane. Alipiga magoti katika manyoya na tope, akashika, mkono mmoja miguuni, mwingine karibu na shingo. Hapo ndipo Kapteni alipoacha kupigana. Hakunguruma. Alilala ubavu, macho wazi, akatetemeka mwili mzima kama mtu mwenye malaria.

Mkasi uligonga kitu kisicho manyoya.

Shikanga alipanua kwa vidole. Kamba. Kamba ya nailoni, ya buluu yenye uzi mwekundu, imemzunguka kifua na kupita nyuma ya miguu ya mbele. Nyama imevimba na kuifunika nusu, na ncha yake imetafunwa. Harufu ya kidonda ilipanda. Kijiji kizima kilijua kamba ile. Ndiyo iliyoshusha na kupandisha ndoo shimoni kwa Wanzala, wala hapakuwa na mwingine aliyekuwa nayo.

"Alikuja na tope mpaka masikioni," Navalayo alisema polepole, akiitazama kamba. "Jioni ile. Kabla hatujaletewa habari yoyote."

Ncha ya mkasi ilikuwa karibu na shingo ya mbwa, na karibu vilevile na kifundo cha mkono wa Wanzala. Shikanga aliuona mshipa wake ukipiga.

"Mbwa alikuwa anachimba," Wanzala akanong'ona. "Udongo ulikuwa bado unaporomoka. Nilimfunga kwenye mti asifukiwe naye."

"Anachimba wapi?"

Wanzala aliitazama kamba.

Maneno yote ya sokoni yalimjaa Shikanga kooni. Kwa miezi aliyanoa kwa ajili ya saa hii. Lakini alimtazama mtu yule na kuona jinsi alivyoinamisha shingo, akiyangoja, karibu akiyatamani. Matusi yangekuwa mahali pa kujificha. Wangepigana, majirani wangekuja kuwaamua, na jioni watu wangesema ni ugomvi tu. Shikanga aliyameza. Yalishuka kama mfupa.

Alipenyeza mkasi chini ya kamba, akabana. Nailoni ilikatika. Kapteni alishusha pumzi ndefu kuliko mwili wake.

"Ni huyu anayeuma watu?" Askari alikuwa amesimama penye ua, kijana mrefu aitwaye Kibiwott, viatu vyake vimejaa tope, bunduki mkononi. "Mzee Wanzala, ondoka hapo."

Wanzala hakuondoka. Mikono yake ilibaki juu ya mbwa.

"Hana kichaa," alisema. "Alikuwa na kamba mwilini."

"Kamba? Nani alimfunga?"

Shikanga alivua kofia. Nywele zikasimama, nyingi, zenye mvi ambazo Navalayo hakuwa amezijua. Akaketi juu ya gunia, katikati ya manyoya ya Kapteni, akamnyooshea shemeji yake mkasi.

"Mzee wa mtaa hayupo," Navalayo alisema.

"Uliza wewe."

Navalayo alimfungua Kapteni mdomo, akaufuta mkasi kwa leso ile, taratibu, upande huu na upande ule. Akashika shungi la nywele juu ya paji la uso wa Shikanga, lakini macho yake yalikuwa kwa Wanzala.

"Nani alikuwa naye?"

Kibiwott, asiyejua ni desturi gani ameikuta, alishusha mtutu ukaelekea chini. Kapteni aligeuza kichwa, akaanza kuulamba mkono wa Wanzala, naye hakuuondoa. Alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Mkasi ulikuwa wazi, ukingoja.