Kulia Kaza, Kushoto Legeza

Kikombe cha upande wa kushoto kiliingia kama kinarudi kwao, na hicho ndicho kilichomponza mzee.

Alikuwa amepiga magoti katika chumba kilichokuwa cha binti yake, mbele ya fremu ya baiskeli aliyoifunga kwa mipira kwenye kitanda kilichosimamishwa ukutani. Chini ya fremu, pale pedali zinapozungukia, pana bomba fupi lililolala. Ndani yake huingia vikombe viwili vya chuma, kimoja kila upande, kushika ekseli. Bomba: neno hilo peke yake lilimtia ujasiri. Miaka thelathini na saba alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alifundishwa jambo moja hata kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi: kulia kaza, kushoto legeza. Ndiyo sababu walimwita Mzee Kaza. Mbele yake walilitamka kwa heshima, nyuma yake kwa kicheko, naye alilipokea kama cheo.

Sasa kikombe cha kulia kilikuwa kinamkatalia.

Alikitoa, akakipangusa, akakipaka grisi upya, akakiweka sawa. Akakizungusha kulia. Kikashika kidogo, kikagoma. Kwa mafundi bomba dawa ya nati kaidi inajulikana: unachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, halafu unaegemea. Mzee alichomeka. Akaegemea kwa uzito wake wote. Chuma kikatoa sauti nyembamba ya kilio, kitu fulani kikakatika huko ndani, na spana ikaanza kuzunguka bila ubishi wowote.

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo uani, alishtushwa zaidi na ule ukimya kuliko kelele zilizotangulia. Akaja kusimama mlangoni, vibanio mkononi.

"Imekufa?"

"Haikufa mikononi mwangu. Wameniuzia maiti."

"Jana ulisema fremu hii ni chuma cha heshima."

"Jana sikuwa nimeikaza. Chuma cha siku hizi biskuti. Na nani kahamisha grisi yangu?"

"Iko kwenye goti lako, baba."

Mzee aliitazama grisi kwenye goti kana kwamba imemfuata kwa makusudi. Mkewe akajiegemeza kwenye mwimo.

"Mimi tangu mwanzo sikuelewa. Baiskeli ya changarawe. Sisi tulipokuwa wadogo barabara zote zilikuwa changarawe tupu, na baiskeli zilikuwa baiskeli tu. Sasa hii usukani umejikunja kama pembe za kondoo, tairi si nene si nyembamba, na mwenyewe unaiendesha umeinama kama unatafuta sindano."

"Mwambie mwanao aliyeipenda."

"Mwanangu akikosea ni wangu, akifaulu ni wako."

Huyo mwana ndiye aliyekuwa kiini cha yote. Binti yao wa mwisho, nesi, alikuwa amepata uhamisho wa kwenda hospitali ya mbali, na Jumapili angeondoka. Mwenyewe alikuwa na baiskeli kama hiyo, na kila Jumamosi alikwenda nayo njia ya changarawe mpaka kwenye bwawa la maji, bwawa ambalo baba yake alisaidia kulitandikia mabomba. Miezi minne iliyopita alisema, "Baba, ukiunda ya kwako tutakwenda wote kabla sijaondoka. Unionyeshe kazi yako." Tangu siku ile mzee hakulala vizuri kwa furaha, ingawa kwa nje aliionyesha kwa kugombana na kila mtu. Leo ilikuwa Alhamisi.

Angeweza kuipeleka kwa fundi wa njia panda. Lakini huko ndiko alikokula kiapo.

Wiki mbili kabla, alikwenda pale kununua nyaya za breki, akiwa ameibeba fremu begani ili watu waione. Fundi wa duka lile ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, mdomo hauna breki. Aliikagua fremu, akaigonga kwa ukucha, akasema mbele ya wateja watano, "Mzee wangu, baiskeli si bomba. Huu upande wa kulia..."

Hakumalizia. Mzee alikuja juu. "Binti, mimi nilikuwa nakata thredi za mabomba wakati baba yako hajajua kufunga kifungo cha shati. Wewe kazi yako kuziba pancha. Usinifundishe kulia ni wapi." Wateja walicheka. Yule fundi alimkabidhi nyaya zake, na mzee akaapa barabarani, kwa sauti, kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa baiskeli ile.

Kwa hiyo hakubakiwa na njia ila kuwashitaki waliomuuzia fremu. Aliosha mikono, akaketi mezani, akachukua karatasi yenye mistari na kalamu yake ya wino. Barua rasmi alijifunza akiwa na miaka arobaini na moja, katika masomo ya jioni, akikaa kwenye dawati la mtoto huku magoti yakigusa kidevu, na hakuna mtu aliyemshinda kwa barua. Akaandika: YAHUSU: KUUZIWA FREMU MBOVU. Akapiga mstari chini yake kwa rula. "Kwa masikitiko makubwa na hasira isiyo na kificho," akaanza, na maneno yakamtiririka. Katika aya ya tatu alifika mahali pa kuandika: "Nilifuata maelekezo yenu kama yalivyo." Hapo akasita. Maelekezo hakuwahi kuyasoma. Mtu aliyefunga mabomba ya nusu ya mji asome karatasi ya vikombe viwili?

Lakini hakuwa mtu wa kuandika uongo chini ya mstari uliopigwa kwa rula. Akaenda kulitafuta boksi la vile vikombe, akalikuta kwenye takataka, akaikunjua karatasi iliyokuwa ndani na kuvaa miwani.

Palikuwa na michoro miwili. Mchoro wa kushoto ulikuwa na mshale unaozunguka kulia, kama desturi. Mchoro wa kulia ulikuwa na mshale unaozunguka kushoto, na neno moja pembeni: KAZA.

Aliigeuza karatasi juu chini. Mshale haukubadilika. Akaisoma mara nne. Kisha akarudi chumbani, akamulika ndani ya bomba lile kwa tochi, na akaona anachokijua kuliko uso wake: mistari ya thredi, imelala kinyume, na ile ya mwanzo imetafunwa na spana yake mwenyewe.

Hasira zilizokuwa zimepata pa kwenda sasa hazikuwa na pa kwenda. Aliichana barua vipande vinane. Alipiga teke kopo la misumari, halafu ikabidi aiokote yote, mmoja mmoja, kwa sababu asingeweza kumwachia mkewe. Mkewe akasikia kopo, hakuja.

Ijumaa asubuhi alimkuta fundi wa njia panda akinyoosha rimu, na wateja watatu kwenye benchi. Alisimama na fremu begani kama siku ile.

"Shikamoo, mzee," alisema yule fundi bila kuinua uso. "Nyaya zimekatika?"

"Marahaba. Hazijakatika." Akaishusha fremu. "Siku ile ulikuwa unasema jambo."

"Nasema mambo mengi. Kazi yangu kuziba pancha."

"Ulisema: huu upande wa kulia. Halafu hukumalizia."

Sasa aliinua uso. Naye alikuwa na hasira, tena ya wiki mbili, iliyokaa ikaiva. "Sikumalizia mimi, au nilikatizwa?"

Wateja kwenye benchi waligeuza shingo. Mzee alihisi masikio yakipata moto. Angeweza kugeuka aende zake, na Jumamosi amwambie binti kwamba goti linamuuma. Angeamini, nesi huamini magoti.

"Nilikukatiza," alisema. "Mbele za watu. Sasa mbele za watu nakuomba umalizie."

Fundi aliweka spana chini, akajifuta mikono polepole. "Huu upande wa kulia, mzee wangu, unakazwa kushoto. Ukienda kwa mazoea, kulia kutakuliza."

Mmoja wa wateja alianza kucheka. Fundi akamtazama, naye akakumbuka kukohoa.

"Kumeshaniliza," mzee alisema. "Tazama humo ndani."

Fundi alitazama kwa tochi, akapiga mluzi. "Umeegemea kwa bomba."

"Umejuaje?"

"Mkono hauna nguvu ya uharibifu huu. Lakini ni thredi mbili tatu za mwanzo tu, nyingine nzima. Tapu ninayo. Lete nikusafishie."

"Nimeapa hautaigusa mkono mwingine."

"Nilisikia. Mtaa mzima ulisikia." Akafungua droo, akatoa tapu, chuma kizito chenye meno ya kukatia thredi, akampa kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. "Basi kata wewe. Si ulikuwa unakata wakati baba yangu anahangaika na vifungo?"

Mzee aliipaka tapu mafuta, akaipachika. Mikono ikaanza yenyewe kwenda kulia.

"Kushoto, mzee."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini mkono haujasikia."

Ilikuwa kama kuandika jina lake kuanzia mwisho. Kila nusu mzunguko alirudisha kidogo kukata vinyweleo vya chuma, hilo alilijua bila kuambiwa, na yule fundi alipoliona alirudi kwenye rimu yake. Nusu saa baadaye kikombe kiliingia kwa vidole viwili, kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mwisho. Mzee hakutabasamu. Alikuwa bado amekasirika, ila sasa alimjua anayemkasirikia.

"Na pedali ya kushoto nayo hivyo hivyo," fundi alimwambia akiondoka. "Hii namalizia kabisa, usije ukanikatiza."

Binti alifika jioni, akakuta baiskeli imesimama kwa magurudumu yake, imebaki pedali tu. Aliizunguka mara mbili mkono mdomoni. Halafu akafanya kama alivyofanya utotoni: akachuchumaa, akachukua spana na pedali ya kushoto, na kuimba kile alichofundishwa kabla ya kujua kuhesabu.

"Kulia kaza..."

"Acha," mzee alisema, kwa ukali ambao hakuukusudia.

Binti aliduwaa. "Nimekosea nini?"

"Wewe hujakosea. Mimi ndiye niliyekufundisha nusu. Hiyo inakazwa kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu baiskeli zilipoanza, inaelekea. Mimi nimejua jana, baada ya kuharibu. Mwenzangu wa njia panda alitaka kuniambia zamani, nikamfokea."

"Yule uliyesema hajui lolote?"

"Yule yule. Alijua kabla yangu na amenisaidia. Una swali jingine?"

Mkewe, aliyekuwa mlangoni na taulo, alifungua mdomo, akautazama uso wa mumewe, akaufunga. Lilikuwa tukio la kwanza la aina hiyo katika nyumba ile.

Binti aligeuza spana. Pedali ikazama kushoto, laini, mpaka ikagota.

"Sasa nikaze?"

"Kaza kwa mkono," alisema Mzee Kaza. "Usiegemee. Na kesho saa kumi na mbili uwe umeamka, simsubiri mtu."