Kipande cha Lami Kisicho na Kibao

Mwaka ule wa operesheni ya vijiji, Benigna alimpakia mkamwana wake Joviana kwenye lori la kahawa pale Izimbya, uchungu ukiwa siku ya pili na damu imeanza kutoka. Mkunga alisema neno moja tu: Bukoba. Mwanawe Benigna, Clavery, mume wa Joviana, alikuwa ametangulia kwa baiskeli alfajiri kuwaarifu hospitali na kuwawekea alama njiani. Njia ya zamani ya kufika hospitali ilikuwa imefukuliwa mitaro. Sasa watu walipita kipande kipya cha lami, kifupi, hata nusu maili hakifiki.

Njia panda ya mjini, dereva Mustapha, mtu wa Tabora, akakanyaga breki. Kushoto lami, kulia lami. Ilikuwa Jumapili, watu wote wako kanisani, wa kumuuliza hakuna.

"Kibao kiko wapi?"

"Kibao gani, mwanangu?"

"Cha barabara, mama! Barabara ya serikali ina kibao na namba. Hii ya kulia haina. Twende kushoto."

"Kwani ya kushoto inacho?"

Mustapha akakuna kichwa. "Haina pia. Lakini ni pana."

"Tunachagua kitanda?"

Nyuma Joviana aliguna, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomtisha Benigna. Na mitaro ilivyokuwa mirefu kando, lori likiingia halingeweza kugeuka.

Akateremka. Kwao anayetangulia hufunga kwa majani kila njia asiyopita. Inayobaki wazi ndiyo yenu. Hivyo ndivyo Clavery alivyoagizwa. Lakini lami ilikuwa tupu pande zote mbili, na juu ya vumbi mistari ya ufagio. Wamefagia! Nani kule Izimbya angewaza kwamba mjini hata barabara hufagiliwa?

Akainama kwenye mtaro wa kulia: vumbi tu. Akavuka mbio. Kwenye mtaro wa kushoto, chini ya maganda ya ndizi, kulikuwa na majani mabichi yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, fundo la Clavery mwenyewe.

"Kushoto kumefungwa. Pita kulia!"

"Kwa takataka, mama? Na kama wameyafagia kutoka kulia wakayatupa huku?"

"Wewe ukifagia kwako, unavuka barabara kumtupia jirani?"

"Wapo wanaofanya hivyo."

"Endesha, Mustapha. Ikiwa kosa, litakuwa langu."

Wakaingia kulia. Ukuta, miti, ukuta tena, kibao hata kimoja. Benigna alishika mkono wa Joviana uliokuwa umepoa, asithubutu kutazama mbele, mpaka aliposikia Clavery akiita kwenye geti la hospitali, "Mama! Leteni huku!" Machela ikaja, ikaondoka.

Wakasimama nje muda usiopimika. Muuguzi akatoka, mikono bado imelowa.

"Mama yake tumemuwahi. Na mtoto ndiye huyo anapiga kelele, hamumsikii?"

Benigna alitega sikio, asisikie kitu.

"Mustapha, waitu, mtu wetu," akasema, "zima hilo lori lako nimsikie."